Miaka ya Kukaa Pamoja Siyo Ndoa



Kwenye vidimbwi vya chumvi hapa Katwe-Kabatoro, na katika viwanda na mashamba kuanzia Kasese mpaka Bwera, wengi wetu tunakaa kinyumba bila ndoa. Mshahara ni mdogo, wakwe wanangoja mbuzi wao, na watoto wanazaliwa. Hatuandiki hapa kumlaumu mtu. Tunaandika kwa sababu wenzetu wengi wanaamini kwamba wakishakaa miaka miwili, au wakishazaa, serikali inawahesabu kuwa mume na mke.

Kwa jirani zetu wa Tanzania jambo hilo lina ukweli. Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uganda haina sheria ya namna hiyo. Uwe umekaa naye miezi 6 au miaka 30, ni mamoja. Muswada wa Ndoa na Talaka wa mwaka 2009 ulitaka kuwapa watu hawa haki fulani juu ya mali, lakini ulikwama Bungeni mwaka 2013.

Tuchukue mfano wa kidimbwi cha chumvi. Mwanamume amekinunua kwa jina lake. Mwenzake ndiye anayesimama kutwa katika maji yale makali, naye ndiye anayeijua bei ya kila gunia. Mwanamume akifa bila wosia, ndugu zake watafika kabla matanga hayajaisha. Kwa Sheria ya Mirathi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, mjane hupata asilimia 20 ya mali, watoto 75, jamaa waliomtegemea marehemu 4, na mrithi wa kimila 1. Lakini mjane wa sheria ni yule wa ndoa halali tu. Mama huyu hana sehemu katika ile 20. Anaweza kwenda mahakamani kudai alichochangia, ila itambidi athibitishe shilingi zake na jasho lake kama mshirika yeyote wa biashara. Bila karatasi, ni kazi ngumu. Hata Sheria ya Ardhi, inayokataza kuuza ardhi ya familia bila idhini ya mwenzi, inamlinda aliyeoa au kuolewa tu.

Watoto mambo yao ni tofauti. Awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje, mtoto ana haki ile ile ya urithi, na wazazi wote wawili wana wajibu wa kumtunza. Mama anaweza kuomba amri ya matunzo hata akiwa bado mjamzito. Kwa hiyo mtoto apatiwe cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba, mapema, baba akiwa hai na hakuna ugomvi.

Vipigo navyo havingoji cheti cha ndoa. Sheria dhidi ya Ukatili Majumbani ya mwaka 2010 inamlinda kila anayekaa au aliyewahi kukaa nyumba moja na anayemdhulumu. Malalamiko yaweza kuanzia kwenye mahakama ya LC kijijini, na hakimu ana uwezo wa kutoa amri ya ulinzi. Mwenyekiti akikwambia "nyinyi hamjaoana, nendeni," amekosea.

Waliokwisha kumaliza mila zote, mahari na sherehe, hao wameoana. Sheria ya mwaka 1973 inawataka wafike kwa msajili, kwenye ofisi ya gombolola, wakiwa na mashahidi wasiopungua 2, kabla ya miezi 6 kupita. Ndoa ya kimila haifi kwa kutoandikishwa, lakini siku ya msiba cheti husema kuliko wazee kumi. Mahari iliyolipwa nusu ndiyo huleta kesi.

Na wale ambao bado? Mkinunua kidimbwi, kiwanja au pikipiki, yaandikwe majina yote mawili kwenye makubaliano, na mwenyekiti wa LC I agonge muhuri. Halafu andika wosia. Wosia waweza kumpa mali hata mwenzako ambaye hujamwoa. Utie sahihi mbele ya mashahidi 2, nao watie zao, na wasiwe watu wanaopewa kitu ndani yake.