Afrika Kusini bila viza: Hesabu siku zako kabla ya kununua tiketi

Tangu Januari 1, 2023, Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaruhusiwa kuingia Afrika Kusini bila viza. Makubaliano hayo yalitangazwa jijini Nairobi mnamo Novemba 2022, Rais Cyril Ramaphosa alipozuru Kenya na kukutana na Rais William Ruto. Kabla ya hapo, msafiri alilazimika kuomba viza mapema, kuwasilisha taarifa za benki na tiketi ya kurudi, kisha kusubiri jibu.

Kwa anayekwenda kuhudhuria harusi, mkutano au maonyesho ya biashara na kurejea baada ya wiki moja au mbili, utaratibu huu umeondoa usumbufu mwingi. Wanaopaswa kuwa waangalifu ni wakazi wanaokwenda mara kwa mara na kukaa kwa muda mrefu: wazazi wanaokwenda kusaidia kulea wajukuu, watu ambao wake au waume zao wanaishi huko, na wafanyabiashara wanaosafiri kila baada ya miezi michache.

Siku 90 ni za mwaka mzima

Makubaliano yanampa Mkenya siku 90 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Siku hizo si za kila safari. Safari zote za kati ya Januari na Desemba zinajumlishwa pamoja.

Chukua mfano wa mama anayekwenda Johannesburg kumsaidia bintiye aliyejifungua. Anaingia Februari 10 na kuondoka Aprili 20. Ukihesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ametumia siku 70. Mwezi Agosti anataka kurudi akae siku 45. Kwa hesabu ya mwaka huo, amebakiza siku 20 tu. Akikaa zote 45, atakuwa amezidisha muda kwa siku 25, hata kama kila safari, ikitazamwa peke yake, haikufika siku 90.

Wapo wanaodhani kwamba kuvuka mpaka hadi Botswana, Eswatini au Msumbiji na kurejea kunaanzisha hesabu upya. La hasha. Siku 90 zimefungwa kwa mwaka, wala si kwa idadi ya mihuri.

Pia usichanganye utaratibu huu na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, Mkenya anayezuru nchi mwanachama anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Afrika Kusini haimo katika jumuiya hiyo.

Adhabu ya kuzidisha muda

Afisa wa uhamiaji anapogonga muhuri, huonyesha tarehe ya mwisho ambayo mgeni anapaswa kuwa ameondoka. Isome hapo hapo kabla ya kutoka kwenye dirisha, na kama ina kosa, uliza kwa upole irekebishwe.

Sheria ya Afrika Kusini haimtazami aliyezidisha muda kwa jicho la huruma. Aliyezidisha kwa siku zisizozidi 30 anaweza kupigwa marufuku kuingia nchini humo kwa miezi 12. Akirudia kosa ndani ya miezi 24, marufuku hufika miaka miwili. Aliyezidisha zaidi ya siku 30 anaweza kufungiwa miaka mitano. Mara nyingi msafiri huarifiwa uamuzi huu akiwa uwanja wa ndege, tayari kurudi nyumbani. Rufaa huandikwa kwa idara ya mambo ya ndani ya nchi hiyo, na bila sababu nzito yenye ushahidi, kama vile stakabadhi za kulazwa hospitalini, ni vigumu kufaulu.

Kwa nyanya katika mfano wetu, hiyo ina maana kwamba siku 25 za ziada zingemgharimu mwaka mzima bila kumwona mjukuu.

Ni nani anahitaji viza?

Kuingia bila viza ni kwa matembezi, kutembelea jamaa na shughuli fupi za kibiashara kama mikutano. Hakuruhusu kuajiriwa wala kusomea huko. Anayekwenda kwa kazi au masomo anahitaji viza ya kusudi hilo. Anayetarajia matibabu ya zaidi ya miezi mitatu naye ana viza yake.

Mzazi ambaye mtoto wake ni raia au mkaazi wa kudumu wa Afrika Kusini anaweza kuomba viza ya jamaa, ambayo hutolewa kwa hadi miaka miwili. Mwenyeji hutakiwa kuthibitisha kwamba ana uwezo wa kumkimu mgeni wake, na viza hiyo haimruhusu mzazi kufanya kazi. Hata hivyo, ikiwa mtoto yuko huko kwa viza ya kazi tu, mlango huu haupo, na mzazi atapanga ziara zake ndani ya siku 90. Mke au mume wa raia au mkaazi wa kudumu pia ana utaratibu wake wa viza.

Maombi hufanywa kupitia kituo cha kupokea maombi ya viza jijini Nairobi, kabla ya safari. Ni gharama na ni kusubiri, lakini kwa anayejua atahitaji zaidi ya siku 90 kwa mwaka, ndiyo njia salama.

Kabla ya kuondoka

Hata bila viza, afisa wa mpakani anaweza kumkatalia mgeni asiyeeleweka. Beba:

• pasipoti ambayo haitaisha muda ndani ya siku 30 baada ya tarehe yako ya kurudi, yenye kurasa tupu;
• cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyodungwa angalau siku 10 kabla ya safari;
• tiketi ya kurudi, anwani ya utakakofikia na uthibitisho wa fedha za matumizi;
• cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto unayesafiri naye.

Masuala ya uhamiaji na pasipoti yako chini ya Serikali ya Kitaifa, si serikali za kaunti. Maombi ya pasipoti huanzia kwenye eCitizen, na anayesafiri mara nyingi anaweza kuchagua yenye kurasa nyingi zaidi. Wakazi wanahimizwa kutowapa madalali pesa kwa ahadi ya “kuongezewa siku”.

Andika tarehe za kila safari kwenye daftari, za kuingia na za kutoka, kisha jumlisha kabla ya kulipia tiketi nyingine.