Vitabu Vyetu Visichelewe Kufika

Ndugu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa “Peponi”, kwa tafsiri ya Bibi Ida Hadjivayanis. Hesabu yake ni nyepesi: ilipita miaka 28 kabla ya jirani wa mwandishi kumsoma kwa lugha wanayosalimiana.

Furaha ya habari hiyo ilituvuta kabatini, tukavipangusa vumbi vitabu vya kwetu. Tulianza na “Mzimu wa Watu wa Kale” cha marehemu Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, kilichochapishwa mwaka 1960. Mtu amekutwa ameuawa mzimuni, watu wananong’ona, na Bwana Msa, kiko mdomoni, anauliza maswali ya mtu mwenye akili zake. Wapo viongozi wenzetu wanaozibeza hadithi za upelelezi kuwa ni mchezo wa watoto. Hatuafikiani nao hata kidogo. Bwana Msa hamtii mtu hatiani kwa uvumi, bali hutaka ushahidi kwanza. Na somo hilo, tuseme kweli, zimo ofisi ambazo bado hazijalihitimu.

Kisha tukashika “Vuta n’kuvute” ya Ndugu Adam Shafi, ya mwaka 1999. Humo mna mapenzi. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa angali mdogo kwa mzee Raza. Anamkimbia, na moyo wake unamwangukia Denge, kijana anayewindwa na askari wa mkoloni. Tuliazimia kusoma sura mbili tu kabla ya kulala. Adhana ya alfajiri ikatukuta kitabu kingali mkononi. Anayedai kuwa hadithi ya mapenzi haina siasa ndani yake, basi hii hajaisoma.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika, wanapopanga bajeti za maktaba za shule, Unguja na Pemba, wasiviache vitabu hivi kwa kisingizio kwamba ni vya starehe. Kijana asiyeonja utamu wa kusoma hatazisoma hata taarifa zetu.

Ama nakala yetu ya “Kisima cha Giningi”, aliiazima afisa mmoja tangu mwaka jana. Kila tukimkumbusha, hujibu kuwa mkewe bado hajamaliza.