Miji Mitatu, Matumbo Mawili

Wapo wanaochagua mji wa kuishi kwa kuangalia kodi ya nyumba, shule za watoto na umbali wa kazini. Sisi, kwa kuwa watoto bado na ada hazijaanza kututoa jasho, tuliamua kuchagua kwa tumbo na miguu. Pale mnakula nini, usiku mnakwenda wapi, na asubuhi mkiamka mna kitu cha kutazama zaidi ya ukuta wa jirani?

Nieleze kwanza. Mwenzangu alipewa kazini kwake kitu ambacho wengi tunakiombea: mkataba wa miaka miwili nje, mshahara wa kueleweka, na ruhusa ya kuchagua kituo kati ya Nairobi, Kampala na Kigali. Jibu lilitakiwa ndani ya mwezi. Kwenye ukoo shangwe zikaanza kabla sisi wawili hatujakaa chini kuongea. Mama mkwe akanipigia simu kuuliza kama nimeshaanza kufunga vyombo. Sikumshangaa, kwao mke humfuata mume na hoja imefungwa. Lakini mimi nina meza yangu ofisini, nina jarida linalotakiwa kutoka kila mwezi, na kichwa changu kigumu kidogo. Nikamwambia bwana, kabla hujaandika jina la mji kwenye hiyo barua, twende tukaone. Siku 12, kwa basi na treni, ndege iwe ya kurudi tu. Alikubali upesi mno, nikajua na yeye ana wasiwasi wake.

Mombasa haikuwemo kwenye orodha, ila ukitoka Dar kwa basi, ukapita Tanga na kugonga mihuri Horohoro, huwezi kuikwepa, na wala usitake kuikwepa. Tulilala usiku mmoja. Jioni tulikuwa Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, tunatafuna mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati na kumwagiwa pilipili na ndimu, huku meli za mizigo zikipita karibu mpaka unadhani ukinyoosha mkono utazigusa. Viazi karai vyao, vile vilivyovikwa unga wa manjano na kuchovywa kwenye ukwaju, nilikula sahani mbili, na ya tatu nikamsaidia mwenzangu. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, kisha Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tukaizunguka na jasho letu. Mtu wa Dar, Tanga au Unguja haoni ugeni Mombasa. Anaona shangazi ambaye hajamtembelea siku nyingi.

Treni ya kwenda Nairobi, iliyoanza kazi mwaka 2017, inachukua kama saa tano. Na sisi tunayo yetu ya umeme tangu 2024, kwa hiyo sikuwa na ushamba wa kupiga picha viti. Ushamba ulinishika Tsavo. Tembo wa kule hujimwagia vumbi jekundu mpaka nao wanakuwa wekundu, kama waliopakwa rangi ya mlango. Behewa zima lilihamia dirisha la upande mmoja, wazee kwa watoto, na mimi mbele yao.

Haya, Nairobi. Kwanza baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mimi nilishuka na kigauni cha Mombasa. Pili, lugha. Tumekaa mgahawani nikasema, "Samahani dada, naomba unisaidie maji ya kunywa." Yule binti akasimama tu akinitazama kwa huruma, kama anayesubiri nieleze shida iliyonipata. Halafu akamwita mwenzake: "Kuja usikie huyu." Nikarudia. Wakacheka, maji yakaja, na kuanzia hapo kila nikiagiza wananiambia niseme tena ile ya kuomba. Nairobi ukisema "nipe maji" umeshamaliza, wala hakuna aliyeudhika.

Ukienda na mwenzio, nakupa siri moja: Kenyatta Market. Sehemu moja ya soko ni wasusi, nyingine ni nyama choma. Mimi nilikaa kwenye stuli, wasusi wanne wakagawana kichwa changu kama shamba la urithi. Bwana mkubwa akavuka kwenda kuagiza mbuzi kwa kilo, ugali na kachumbari. Kila baada ya muda analeta vipande kwenye ubao, na kwa kuwa sikuweza hata kugeuza shingo, msusi wa kulia akawa ananilisha. Sijawahi kupendezeshwa na kushibishwa kwa wakati mmoja hivyo.

Katika zile saa tatu ndipo safari ilipoacha kuwa mchezo. Msusi mmoja, mama wa makamo, aliniuliza nimefuata nini. Nikamweleza. Akaniambia yeye alimfuata mumewe Mwanza miaka miwili, mume anatoka asubuhi anarudi usiku, yeye hajui mtu, hana kiti cha kususia. "Nilikuwa nahesabu magari yakipita," akasema, na mkono wake haukusimama kusuka.

Sitawachosha na vivutio, ila viwili lazima. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya tangu 1946, ina kilomita za mraba 117 na imegusana na jiji kabisa: unamtazama twiga, na nyuma ya shingo yake kuna maghorofa. Cha pili ni jengo la KICC, lililokamilika 1973. Panda juu kabisa wakati jua linazama, mshikane mikono, mtanishukuru.

Usiku tulijirusha Westlands. DJ wa Nairobi hana subira. Wimbo ukiingia kwenye kiitikio tu ameshaukata na kuleta mwingine, lakini anajua anachofanya, maana hakuna aliyekaa. Bongo Fleva ilipopigwa tulijikuta tunaimba kwa sauti kuliko wote, uzalendo wa ghafla. Tukatoka na kula mutura kando ya barabara, ule utumbo uliojazwa nyama na damu na kuchomwa kwenye mkaa. Mwenzangu alisema ni chakula bora kabisa alichowahi kula saa nane za usiku.

Tulivyofika chumbani akasema, "Mama, unaonaje, si ni hapa?" Ofisi kuu ya kanda iko hapa, bosi wake yuko hapa. Nikamuuliza, na mimi? Akasema kazi nitapata tu, magazeti Nairobi yako mengi. Bwana wee. Ukiitoa Taifa Leo, magazeti makubwa yote pale yameandikwa kwa Kiingereza, na mimi riziki yangu ni Kiswahili. Tulilala tumepeana migongo. Kwenye basi la usiku la kwenda Kampala hatukusemeshana mpaka Nakuru, aliposhuka na kurudi na hindi moja la kuchoma. Akalivunja katikati. Kipande kikubwa akanipa mimi.

Kampala nilipapenda kabla sijaoga. Sijui ni ile "nnyabo" wanayokuitia kwa upole, kama wewe ni mke wa chifu, au ni vilima, au ni harufu ya chapati asubuhi. Rolex, msomaji, si saa. Ni mayai yaliyokaangwa na nyanya, kitunguu na kabichi, yakaviringishwa ndani ya chapati ya moto, ukapewa mkononi ukiwa umesimama. Jina limetokana na Kiingereza cha mayai ya kuviringisha, kilivyotamkwa haraka haraka. Sisi watu wa chipsi mayai tulidhani tumemaliza mambo yote ya yai. Hatujamaliza. Ya Wandegeya, karibu na Makerere, wanakonunua wanafunzi, ilinifanya nifikirie kurudi shule.

Mchana kula luwombo: kuku au nyama kwenye mchuzi wa karanga, vimefungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke taratibu. Pembeni matoke yaliyopondwa. Usipange mkutano baada ya hapo. Sisi tulijilazimisha kupanda mnara wa msikiti mkuu ulioko Old Kampala, ule ulioanza kujengwa enzi za Idi Amin, ukakwama, ukaja kumaliziwa kwa fedha za Gaddafi. Ngazi zinapita 300. Wanawake hupewa kitambaa cha kujistiri mlangoni. Juu unaona Kampala yote, mabati mekundu yamemwagika vilimani na barabara zinazokutana chini yako. Mwenzangu alihema kama aliyekimbia marathoni, nikamkumbusha mutura.

Na usiku? Kabalagala haina habari na saa. Nyama kwenye mishikaki, gonja za kuchoma, muziki wa kila duka unaogombana na wa jirani yake, na watu wa rika zote wanacheza palepale kwenye meza. Mwenzangu, ambaye harusini kwetu alicheza nyimbo mbili akakaa, alisimama mpaka saa kumi. Nikamtazama nikakumbuka yule kijana niliyemkubali.

Tatizo ni kwamba Kampala Kiswahili kinaonekana bado kinabisha hodi. Serikali yao ilikipitisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi, lakini wenye umri wanakumbuka zama ambazo kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Nilimsemesha mama mmoja sokoni kwa Kiswahili changu kitamu, akanijibu kwa Kiingereza, akatabasamu, akapunguza bei. Ukarimu tele. Lakini kazi ya kuandika ningeifanya na nani?

Basi la Kigali linavuka mstari wa ikweta Kayabwe, linapanda milima ya Kabale, na mpakani Gatuna linahama upande, maana Rwanda magari yanakwenda kulia. Saa nayo unairudisha nyuma moja. Nilifurahia ile saa ya bure. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku huko tangu 2008, miaka 11 kabla yetu, na barabarani unaona: sikuona takataka ya kuelekeza kidole. Pikipiki inabeba abiria mmoja, naye anavaa kofia. Mshikaki wa watu watatu tuliouzoea Dar, sahau.

Tulianza na kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, Gisozi, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kwenye chumba cha picha za watoto wameandika chakula walichokipenda. Tulitoka tukakaa bustanini bila kusema kitu. Kama mtakwenda, msipange disko jioni hiyo.

Sisi tulikwenda kunywa maziwa. Sitanii, Kigali kuna baa za maziwa, watu wazima na tai zao wanaagiza ikivuguto, maziwa ya mgando baridi, kwa kikombe kikubwa, na andazi. Kesho yake zamu ya mishikaki ya mbuzi na viazi, juu yake matone ya Akabanga. Narudia, matone. Mwenzangu alimimina, akalia machozi mbele ya meza ya jirani.

Usiku wa mwisho tulikuwa Biryogo, upande wa Nyamirambo, mtaa uliofungiwa magari na kupakwa rangi, meza ziko katikati ya barabara. Hapo ndipo masikio yangu yalipostuka: Kiswahili kila kona, cha wenyeji, cha tangu zamani. Tukaagiza chai ya maziwa yenye tangawizi kali, nikatoa risiti, nikaichana mara mbili, kila mtu aandike mji wake.

Mimi niliandika Kampala. Yeye aliandika Nairobi, na chini yake: si lazima uje.

Nikamuuliza hii ni ruhusa au ni kufukuzwa. Ndipo akaniambia habari ambayo kwa miaka minne ya ndoa sikuwahi kuisikia. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, wa kuhamishwa: Songea, Tabora, Bukoba. Mama yake alikuwa na cherehani na wateja Songea. Tabora akaanza upya. Bukoba hakuifungua tena, ikakaa chini ya kitanda. "Sitaki kukuona na cherehani chini ya kitanda," akasema. Ni mama huyohuyo aliyeniuliza kama nimefunga vyombo.

Birika la pili lilikuja, na la tatu. Hesabu tulizifanya nyuma ya risiti nyingine. Nairobi ni saa moja na kitu kwa ndege kutoka Dar, na redio na televisheni za Kiswahili ziko kibao, ambazo zinaweza kuhitaji mtu wa kuomba maji vizuri. Nitaendelea na meza yangu, wiki mbili Dar, wiki mbili kule, kwa miezi sita, halafu tutakaa tena. Nauli ni juu yake. Nimeiandika kwa wino. Kampala tutakwenda Pasaka.

Nyumba tunayotafuta iwe ya vyumba viwili, na niweze kutembea kwa mguu hadi Kenyatta Market. Mama mkwe tumemweleza pamoja, simu ikiwa kwenye spika. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama Nairobi mchicha unapatikana. Nikamwambia wanakula sukuma wiki, mama. Akasema nimpelekee mbegu.