Beni: Shoo ya Mtaani Iliyomtia Mkoloni Presha

Ushawahi kupita Kengeleni ukiwa kwa matatu ya Kisauni? Wasee wengi huijua kama steji tu. Lakini hapo ndo Freretown, mtaa ulioanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa watu waliookolewa kutoka utumwani. Kengele yenyewe, ile iliyoupa mtaa jina, ilikuwa ya kuwaonya wafanyabiashara ya watumwa wakionekana.

Sasa hao watu wa Freretown walikuwa na bendi ya tarumbeta na ngoma kubwa, na sauti hiyo haikubaki ndani ya misheni. Kufikia miaka ya 1890 mabarobaro wa miji ya Pwani walikuwa na mtindo wao wa mashindano. Wakauita beni, yaani bendi kwa ulimi wa Kiswahili.

Usidhani ilikuwa kupinduka hewani kama maboyz wa sarakasi pale Pirates. Kwa beni kazi ya mwili ilikuwa gwaride: kugeuka kwa pamoja, kila mguu unashuka na ngoma, unifomu imenyooka vibaya mno. Mombasa kulikuwa na vikosi kama Kingi na Skochi, na hiyo Skochi jina linakwambia waliwaangalia wanajeshi wa wapi. Kila kikosi na wakubwa wake, Kingi, Jenerali na kadhalika. Ushindani ulikuwa moto: nani ametokelezea zaidi, nani amelisha watu zaidi. Ng'ombe wakachinjwa, doo ikaisha, madeni yakabaki. (Kama harusi za siku hizi tu.)

Kuna wanaosema walikuwa wanaiga wazungu. Mi sikubali. Fikiria kibarua wa bandarini, mtu ambaye pengine mamake aliuzwa sokoni. Wiki nzima anaitwa "boi". Siku ya shoo anapita barabara kubwa na cheo ambacho hakuna mzungu alimpa, na mji mzima umetoka kumtazama. Huyo haigi mtu, anajipa heshima aliyonyimwa.

Halafu beni ikaanza kusafiri. Tanga ikatoa Marini na Arinoti: Marini ya waliosoma na kujiona, Arinoti ya mahasla. Vita vya 1914 hadi 1918 ndo viliisambaza kabisa. Askari na wapagazi wa Carrier Corps, hao hao walioacha jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar, waliibeba mpaka Nyasaland, Malawi ya leo. Na hapa ndo utamu wake: ukifika mji mgeni huna ndugu, unauliza wenzako wa beni wako wapi. Unapata pa kulala. Ukiugua wanakuangalia, ukifa wanakuzika. Ilikuwa chama, ila yenye tarumbeta.

Mkoloni akaingiwa na baridi. Watu weusi wenye vyeo vya kijeshi, matawi mji hadi mji, wanapangana bila kumuuliza DC? Baada ya vita maafisa wa ujasusi wa Uingereza wakaichunguza wakidhani ni njama ya kisiasa. Njama hawakuipata. Ila woga wao haukuwa wa kijinga, kwa sababu mtandao ulikuwepo kweli, na wao hawakuujenga.

Baadaye vijana wakahamia kwa dansi na magitaa, beni ikapoa. Zanzibar bado hupigwa mitaani kwenye harusi, tarumbeta mbele, akina mama nyuma wanacheza, na hakuna Jenerali tena.