Tupa Karata, Shemeji

Jumamosi moja ya Julai, baridi ya mtaa wetu wa Kihesa ikiwa imetusukuma wote sebuleni karibu na jiko la mkaa, shemeji yangu alilipa punje 20 za maharage ili aone karata moja. Mkononi alikuwa na kopa mbili. Mezani zilikuwa wazi karata nne, na mbili kati yake zilikuwa kopa. Ikija kopa nyingine, anashinda. Isipokuja, hana kitu, hata jozi. Ikafunuliwa shupaza. "Bahati mbaya," akasema, akamsukumia mpinzani wake, fundi cherehani, maharage yake.

Haikuwa bahati mbaya. Nimefundisha hisabati sekondari miaka 31 na siwezi kulinyamazia jambo hilo. Nilichukua daftari, nikamwandikia palepale. Mezani palikuwa na punje 40. Fundi akaongeza 20, zikawa 60. Shemeji anaombwa alipe 20 ili apate nafasi ya kuchukua zile 60. Akipoteza mara tatu, zimekwenda 60. Akishinda mara moja, zimerudi 60. Kwa hiyo ili asile hasara lazima ashinde angalau mara moja katika kila mara nne. Je, kopa itakuja mara moja katika nne? Karata ni 52. Ameshaona sita: mbili zake na nne za mezani. Zimebaki 46. Kopa zote ni 13, nne anaziona, zimebaki 9. Tisa katika 46 haifiki hata moja katika tano. Alinunua kwa bei ya moja katika nne kitu cha thamani ya moja katika tano. Mtu angemuuzia gunia la mahindi namna hiyo pale Ipogolo angemfukuza.

Mchezo wenyewe ni poka, ule wa karata mbili za siri. Kila mchezaji anapewa karata mbili azionazo mwenyewe. Halafu katikati ya meza zinafunuliwa tatu za wote, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kati ya hizo saba unachagua tano bora. Kabla ya karata za mezani, na baada ya kila ufunuo, watu wanasema kwa zamu: kupita, kuweka dau, kulipa dau la mwenzako, kulipandisha, au kutupa karata na kukaa pembeni. Wawili wanaofuata baada ya mgawaji huweka dau la lazima hata kabla ya kuangalia, ili pawe na kitu cha kugombea. Anayebaki peke yake anachukua vyote bila kuonyesha alichoshika. Wakibaki wawili au zaidi hadi mwisho, karata zinafunuliwa na mkono mkubwa unashinda.

Ukubwa wa mkono unafuata uadimu wake. Jozi ni ya kawaida. Juu yake jozi mbili, halafu tatu za namba moja, mfululizo wa tano, tano za aina moja, tatu pamoja na jozi, nne za namba moja, na juu kabisa mfululizo wa aina moja. Ukigawa karata tano tu, kuna mikono 2,598,960 inayowezekana, na karibu nusu yake haina hata jozi. Mgeni akilijua hilo peke yake, anaacha kushangaa kwa nini kila mara anapewa takataka. Kila mtu anapewa takataka.

Wasomaji wa pwani wataona nimetumia majina ya kizamani ya karata. Nayapenda. Kopa, uru, shupaza na pao ni maneno yaliyotoka kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Turufu nayo ni yao. Poka ni mtoto mdogo mbele ya maneno hayo: ilikua Marekani, New Orleans na kwenye meli za mto Mississippi, katika karne ya 19. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye karata za barazani ana nusu ya elimu tayari. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu kwake, kwa sababu barazani ukipewa karata unacheza. Kwenye poka ukipewa karata, mara nyingi kazi yako ni kuzirudisha.

Hapo ndipo ninapotaka kumkalisha mgeni. Ree mbili (A na A) huja kwa wastani mara moja katika mara 221. Jozi ya namba yoyote mkononi, mara moja katika 17. Ukikaa na watu watano na kuingia kila mara, unapeleka saba na mbili zako kupambana na mwenye basha wawili (K na K), naye hajakulazimisha. Usiku ule nilihesabu: tuligawa mara 60, shemeji akaingia mara 51, mimi mara 14. Hakuwa na bahati mbaya kuliko mimi. Alikuwa na shauku. Aniwie radhi kwa kulitaja hili, lakini yeye huendesha lori la mizigo la Tunduma, na anaposhuka mlima Kitonga huweka gia ndogo tangu juu, hangoji breki zianze kunuka. Nilimwambia maharage yake yanamuomba gia ileile.

Kwa kuanzia, ingia na jozi, hasa zile kubwa. Ingia na karata mbili kubwa, ree na basha, basha na bibi (Q). Zikiwa za aina moja ni afadhali zaidi. Ree yenye karata ndogo ya aina nyingine inawadanganya wageni wengi: wanapata jozi ya ree, wanafurahi, kumbe mwenzao ana ree yenye basha. Iache.

Kiti nacho kina thamani. Anayegawa husema mwisho baada ya karata za mezani kufunuliwa, na zamu ya kugawa inazunguka. Kwenye kikao cha ukoo mnajua kwa nini mkubwa hungoja kila mtu atoe yake kwanza. Akisema, anasema akiwa amesikia wote. Ukiwa wa mwisho unaweza kuingia na karata dhaifu kidogo. Ukiwa wa kwanza, unasema gizani, basi ngoja karata nzuri.

Hesabu ya zile kopa ina njia ya mkato. Hesabu karata zinazoweza kukuokoa. Ikibaki karata moja kufunuliwa, zidisha kwa 2. Zikibaki mbili na una hakika ya kuziona zote mbili, zidisha kwa 4. Jibu ni asilimia, si kamili lakini linatosha mezani. Kopa 9 mara 2 ni 18. Kopa 9 mara 4 ni 36, na hapo kulipa kunaanza kuwa na maana. Wazoefu wataniambia kwamba kopa ikija unaweza kuchuma zaidi kwa dau la mwisho. Ni kweli, kwa mtu anayelipa. Fundi wetu akiona kopa tatu mezani hutupa karata bila kuulizwa.

Kuhusu mkwara nitasema kidogo, kwa kuwa ndio ambao watu huupenda mno kupitia filamu. Mkwara ni kuweka dau kubwa huku huna kitu, ili mwenzako akimbie. Unafanya kazi kwa mtu anayejua kukimbia tu. Mimi mwenyewe niliwahi kumpiga shemeji mkwara wa punje 50, kopa tatu zikiwa mezani, na hadithi yangu ilikuwa imekaa sawa tangu dau la kwanza. Akalipa kwa jozi ya namba nne. Kosa lilikuwa langu. Kwa mtu asiyetupa karata, ngoja mkono mzuri na uweke dau la kweli.

Sasa fedha. Mezani kwetu haziingii, na hili sitanii nalo. Kijana niliyemfundisha alipeleka ada yake yote kwenye mashine ya kamari iitwayo dubwi, sarafu moja baada ya nyingine. Dubwi limepangwa mwenye mashine abaki na sehemu yake siku zote. Hakuna mbinu ya kulishinda. Kwenye poka mbinu ipo kwa kuwa unapambana na watu, lakini hata huko nyumba ya kamari hukata chake. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kwa fedha. Vijana hunitajia Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliyeanzia shindano la intaneti la dola 86 na mwaka huohuo wa 2003 akatwaa ubingwa wa dunia na dola milioni 2.5. Nawaomba wamalizie hadithi: walioingia shindano lile la ubingwa walikuwa 839. Maharage ya njano kutoka sokoni, punje 100 kwa kila mtu, yanafundisha yaleyale.

Mwezi wa Mei uliofuata shemeji alipita tena akitoka Tunduma. Zikamjia kopa mbili, mezani kopa mbili, imebaki karata moja, na fundi akaweka dau la nusu ya kilichokuwa mezani. Shemeji akainamia meza, midomo ikihesabu. Akatupa. Fundi akaomba karata ya mwisho ifunuliwe hata hivyo, tuone tu. Ikatoka nane ya kopa.

"Shem, hesabu zako zimeninyima," akasema.

"Zilibaki karata 46, na 37 si kopa. Ulitupa sawasawa."

Aliitazama ile nane muda mrefu. Kisha akakusanya karata zote, akazichanganya, akamsogezea fundi azikate.