Homa ya manjano: Kadi bila chanjo haimkingi msafiri

MSAFIRI anayejiandaa kwenda Luanda, Kinshasa au Lagos hukumbuka mapema tiketi, viza na fedha. Chanjo ya homa ya manjano huikumbuka siku mbili kabla ya safari, na hapo ndipo baadhi hushawishika kununua kadi ya njano bila kuchomwa sindano. Kadi hiyo huenda ikamvusha mpakani, lakini haiwezi kumzuia mbu.

Ugonjwa huu husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu, hasa wa jamii ya Aedes. Tofauti na mbu waenezao malaria, ambao huuma usiku, hawa huuma zaidi mchana. Mijini huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye mapipa, makopo na matairi chakavu. Kwa sababu hiyo, chandarua cha usiku pekee hakitoshi.

Dalili hujitokeza siku 3 hadi 6 baada ya kuambukizwa: homa, maumivu ya kichwa na mgongo, kichefuchefu na kutapika. Wengi hupata nafuu baada ya siku chache. Hata hivyo, kwa wachache homa hurejea, macho na ngozi hugeuka manjano na damu huweza kutoka mdomoni, puani au tumboni. Takriban nusu ya wanaofikia hatua hiyo hufariki dunia ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa maalumu ya kuviangamiza virusi hivyo.

Mlipuko ulioanzia Luanda, Angola, Desemba 2015 ulionyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2016 wafanyakazi 11 walirejea China kutoka Angola wakiwa wameambukizwa, hali ambayo haikuwahi kuthibitishwa barani Asia. Kenya nayo iliwapokea wagonjwa wawili waliotoka Angola.

Kinga ipo. Chanjo inayotumika ilitokana na kazi ya Max Theiler katika miaka ya 1930, iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Dozi moja hutosha kwa maisha yote, na tangu Julai 11, 2016 cheti chake hakina tena ukomo wa miaka 10. Lakini cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, muda ambao mwili huutumia kujijengea kinga. Anayechanjwa leo na kupanda ndege kesho husafiri bila kinga.

Si kila mtu anayefaa kuchanjwa. Watoto wachanga walio chini ya miezi 9, wajawazito, wenye mzio mkali wa mayai na wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika wanapaswa kumwona daktari kwanza. Vivyo hivyo wenye umri wa miaka 60 au zaidi wanaochanjwa kwa mara ya kwanza. Daktari akiona chanjo haifai, huandika hati ya kumwondolea msafiri sharti hilo.

Aliyechanjwa naye avae nguo za mikono mirefu na kujipaka dawa ya kufukuza mbu mchana, kwani chanjo hii haizuii dengue wala malaria. Akipatwa na homa baada ya kurejea, aende hospitali mara moja na kumweleza daktari alikotoka.