Je, Wajua? Nani Kamshinda Nani

Je, wajua kwamba mtoto wa mtaa wa Kayole, Nairobi, anapoandika "He is tall than me" amefuata kanuni anayoijua vizuri? Katika Kiswahili cha nyumbani kivumishi hakiguswi. "Mrefu" hubaki "mrefu", na kazi ya kulinganisha hubebwa na "kushinda" au "kuliko". Kiingereza kinataka kivumishi chenyewe kivae mkia: "taller than me".

Je, wajua kwamba hili la "kushinda" si uvivu wa Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi? Mjaluo hulinganisha kwa "moloyo", Mkikuyu kwa "gũkĩra", na Mganda ng'ambo ya mpaka kwa "okusinga": yote yametokana na vitenzi vya kushinda au kupita. Kijaluo si hata Kibantu. Basi makanga wa Jogoo Road akisema nganya yake, yaani matatu yake, ni kali kushinda ile ya mbele, anazungumza kama majirani zake hawa. "Kuliko" ya vitabuni ndiyo iliyo tofauti, maana asili yake ni mahali tu: ku-li-ko.

Je, wajua kwamba "more better" hukatwa alama, lakini Shakespeare alirundika viwango vivyo hivyo katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikachapishwa 1963? Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliukemea mtindo huo katika kitabu chake cha sarufi cha 1762. Hata hivyo "lesser" imekubalika, ingawa "less" tayari inalinganisha. "Nearer" nayo ni hivyo hivyo: "near" zamani ilikuwa ngazi ya pili ya "nigh". Wenye lugha hujisamehe.

Je, wajua kwamba "senior", "junior" na "superior" hazitaki "than"? Zilitoka Kilatini, nazo hufuatwa na "to".

Je, wajua kwamba "The houses in Buruburu are bigger than Dandora" inapimanisha nyumba na mtaa mzima? Andika "than those in Dandora". Kwa Kiswahili kosa hili ni gumu kulifanya, kwa sababu ulimi wenyewe utasema "kuliko za Dandora", na hiyo "za" imeshazibeba nyumba.

Je, wajua kwamba "Eastleigh is busier than any estate in Nairobi" inaifanya Eastleigh ijishinde yenyewe? Nayo iko Nairobi. Ongeza "other": "any other estate".

Je, wajua kwamba "My husband loves Gor Mahia more than me", yaani ile klabu ya soka, ina maana mbili? Huenda mke naye ni shabiki, ila wa kiasi. Hapo aandike "more than I do". Kiswahili hakimsaidii, maana "anaipenda Gor Mahia kuliko mimi" inatatiza vilevile, mpaka aseme "kuliko ninavyoipenda". Na kama alikusudia "more than he loves me", basi sarufi haina kosa. Hiyo ni kesi ya wazee wa ukoo.